Umetuma mswada, kimya: kumkumbusha wakala wa London si sawa na kumfuata mchapishaji wa Nairobi

Nina miswada miwili. Mmoja ni riwaya ya Kiingereza kuhusu familia ya wavuvi wa Dunga, hapa Kisumu, ambayo nimeituma kwa mawakala 12 wa London na New York. Mwingine ni riwaya ya Kiswahili. Hiyo niliipiga chapa katika saiba moja ya Oginga Odinga Street, ikabanwa kwa waya, nikaituma Nairobi kwa mchapishaji mmoja.

Kosa langu lilikuwa kuchanganya dawa: ya mgonjwa huyu nikampa yule. Wakala wa London nilimpigia simu, tena mara mbili, kwa sauti ile ninayomtolea fundi aliyekaa na suruali yangu tangu Pasaka. Mchapishaji wa Nairobi nikamwandikia barua pepe moja ya adabu, kisha nikanyamaza miezi minane nikingoja ajibu kistaarabu. London nilipata "hapana" siku iyo hiyo. Nairobi, kama utakavyoona, mswada wangu haukuwa umeingizwa hata daftarini.

Tangu hapo, wenzangu wanaoandika huku kwetu, kutoka Kakamega hadi Nakuru, wakiniuliza "nifuatilie au ningoje?" mimi huwauliza kwanza: umempelekea nani? Mama yangu husema subira yavuta heri. Rafiki yangu wa Kakamega hunijibu kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure. Wote wawili wana haki, ila kila mmoja anaizungumzia ofisi yake.

Nani anamdai nani

Wakala wa fasihi ni mtu anayeusoma mswada wako na, akiupenda, anautafutia mchapishaji na kukupigania kwenye mkataba. Malipo yake ni kamisheni: kwa kawaida asilimia 15 ya mapato ya kitabu katika soko la nyumbani kwake, na asilimia 20 kikiuzwa nchi nyingine au kikitafsiriwa. Hatozi pesa ya kusoma. Akikwambia utume ada kidogo ndipo akusome, huyo si wakala, na M-Pesa yako iache ilale.

Sasa pima maana yake. Mpaka auze kitabu, hajalipwa hata senti kwa kukusoma wewe. Mchana wake ni wa waandishi alionao tayari. Barua za wageni huzisoma jioni, wikendi, au akiwa kwenye treni, na kwa mwaka zinaweza kufika maelfu. Kwa hiyo hakudai wala humdai. Umebisha hodi kwenye nyumba ya mtu aliye mezani anakula.

Mhariri wa Nairobi yuko tofauti. Ameajiriwa, ana mshahara, na kupokea miswada ni sehemu ya kazi yake. Lakini kampuni hula kutokana na vitabu vya shule. KICD, taasisi ya serikali ya kukuza mitaala, ikiitisha vitabu vya gredi fulani, meza zote hugeukia huko, na tangu mtaala mpya uingie madarasani mwaka wa 2019 miito hiyo imefuatana karibu bila kupumua. Riwaya yako haijakataliwa. Imewekwa chini ya kitabu cha sayansi, na juu ya hicho kikawekwa kingine.

Kimya cha London mara nyingi ni jibu. Cha Nairobi mara nyingi ni mrundikano. Cha kwanza hakifukuliwi. Cha pili kisipofukuliwa kitakaa hapo hapo.

Barua ya kwanza: kabla hujaombwa chochote

Kwa wakala unaanza na barua fupi ya kujitambulisha na kuieleza riwaya, muhtasari, na kurasa za mwanzo. Uingereza mara nyingi hutaka sura tatu za kwanza; Marekani wengi hutaka kurasa chache tu, wengine kumi. Kisha rudi kwenye ukurasa wake wa maelekezo usome sentensi ya mwisho, ile ambayo sisi huwa hatuisomi. Hapo ndipo ameandika sheria ya kumfuatilia.

Kuna wanaosema watamjibu kila mtu, pengine ndani ya wiki 8 au 12. Kwa hao, ngoja muda waliotaja upite, ongeza wiki mbili za heshima, halafu andika mara moja. Ijibu ile barua yako ya awali ili yote uliyotuma yaonekane hapo chini. Usianzishe barua mpya ukamfanya akutafute.

Wengine husema wazi kwamba usiposikia kitu baada ya wiki kadhaa, hawaichukui kazi yako. Hawa usiwaandikie. Najua inauma, maana sisi tumelelewa kuona kwamba mtu asiyejibu salamu amekosa adabu. Lakini amekwisha kukujibu hata kabla hujatuma. Kagua folda ya barua taka, weka alama kwenye daftari lako, tuma kwa mwingine. Wengi wao wanajua umetuma kwa mawakala kadhaa kwa wakati mmoja na hawana neno.

Baadhi hupokea kupitia QueryManager, fomu ya mtandaoni ya kupokelea maombi ya waandishi. Ukituma unapata uthibitisho papo hapo, pamoja na kiungo cha kuangalia hali ya ombi lako. Basi swali la "je, ilifika?" limekufa. Mimi nilikifungua kiungo changu mara nne kwa siku wiki mbili mfululizo, bando likaisha, na hali haikubadilika. Usiniige.

Nairobi ukurasa wa maelekezo unaweza usiwepo, au uwepo na useme miezi mitatu ambayo hakuna anayeihesabu. Huko mimi nashauri: miezi mitatu ikitimia, piga simu. Si barua pepe kwanza. Simu. Nilipopiga hatimaye, baada ya ile miezi minane ya ujinga, dada wa mapokezi alinipokea hivi:

"Habari, mwalimu."

"Nzuri dada, naulizia mswada wangu. Lakini umejuaje mimi ni mwalimu?"

"Wanaoulizia miswada wote ni walimu."

Akaniambia nipige tena Jumatatu. Jumatatu akasema mhariri yuko kwenye mkutano. Alhamisi akaniita kwa jina. Ndiyo faida ya simu ya Nairobi: haileti jibu, ila inakutoa kwenye mrundikano wa karatasi na kukufanya mtu. Simu ya London inakutoa kwenye orodha kabisa. Huko kupiga simu kuulizia kazi ambayo haijaombwa huonekana kama kuchungulia dirishani, na maelekezo ya wengi yanakataza waziwazi.

Maneno ya ukumbusho

Hapa ndipo wengi wetu tunajikwaa, na sababu ni masomo ya insha. Tulifundishwa barua inayoanza kwa kumtakia mtu buheri wa afya, ikapitia hali ya hewa na wazazi, ndipo ikafika "dhumuni la barua hii". Mzee wa kijijini ukimwandikia bila hayo umemdharau. Wakala ukimwandikia hayo umemchosha kabla hajafika kwenye jina la riwaya.

Ukumbusho wangu wa kwanza kwa wakala ulikuwa na maneno zaidi ya 400. Nilieleza nilivyopoteza faili stima zilipopotea, nikamweleza ada za shule, nikamalizia kwa kumwombea. Wa sasa, ukiutoa Kiingereza chake na kuuvika Kiswahili, uko hivi:

"Bi. Fulani, tarehe 6 Mei uliomba mswada mzima wa riwaya yangu (maneno 84,000, riwaya ya familia), nami nikautuma siku iliyofuata. Naulizia tu kama uliupata salama na kama bado ungependa kuusoma. Ukihitaji muda zaidi, hakuna shida. Asante kwa wakati wako."

Basi. Tarehe, kazi yenyewe, swali moja, na mlango wa yeye kutokea bila aibu. Usiulize "tatizo ni nini?" Usiseme "nadhani una shughuli nyingi", maana anajua. Na akishakukataa, usimwandikie kumwomba sababu. Ukitaka kushukuru, mstari mmoja unatosha.

Kwa mchapishaji wa Nairobi Kiswahili chako cha heshima hakikudhuru. Salamu ni sehemu ya kazi, na mhariri anayeitwa "Mheshimiwa Mhariri" hatachukia. Bado, weka tarehe uliyopeleka mswada na jina la aliyeupokea.

Kwenda mwenyewe

Kutoka Kisumu hadi Nairobi ni kama kilomita 350. Nilipanda basi la usiku, nikafika alfajiri, nikanawa uso kwenye choo cha stesheni, nikanywa chai nikingoja ofisi zifunguliwe. Nauli ya kwenda na kurudi pamoja na chakula ilinila zaidi ya elfu tatu. Askari wa langoni akachukua kitambulisho changu, akaandika jina langu kwenye daftari lake, na baadaye niligundua kwamba hilo ndilo daftari pekee la jengo lile lililokuwa na jina langu.

Mhariri alikuwa mwungwana. Alitafuta kwenye daftari la miswada, hakuona kitu. Akainuka, akapekua rundo la pembeni, akauvuta mswada wangu kutoka chini ya vitabu vya Gredi ya Tisa. Waya ulikuwa umejikunja. Hakuna aliyekuwa ameufungua. Akauandika daftarini mbele yangu, akanipigia muhuri kwenye nakala ya barua yangu, na wiki sita baadaye akanipigia simu yeye mwenyewe: wameupenda, ila katikati upunguzwe.

Miezi minane ya adabu haikufanya kilichofanywa na nusu saa ya kusimama mbele ya meza. Ningejua, ningeupeleka kwa mkono tangu mwanzo na kudai muhuri siku hiyo hiyo. Kwa aliye Nakuru hii ni safari ya asubuhi na kurudi jioni, hana kisingizio. Sisi wa Kisumu, Siaya au Busia tuipange pamoja na shughuli nyingine, au tungoje Septemba, wakati wa Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi pale Sarit. Wachapishaji wengi wanakuwa na vibanda, na wahariri hupita. Usiende na mswada kwapani ukamlazimisha mtu auchukue katikati ya umati. Jitambulishe, taja tarehe uliyotuma, ondoka.

Kumwendea wakala London hata kama una shangazi huko? Hapana. Isipokuwa mmekutana kwenye tamasha la fasihi na yeye mwenyewe akakwambia "nitumie", na hapo pia unatuma kwa barua pepe, ukimkumbusha mlikutana wapi.

Kumtuma mtu

Watu hunitajia kisa cha Chinua Achebe. Mwaka wa 1957 alituma mswada wake wa kwanza, ulioandikwa kwa mkono, kwa kampuni ya London iliyokuwa ikipiga chapa miswada kwa taipureta. Alilipa pauni 22, kisha kimya cha miezi. Bosi wake kwenye redio ya Nigeria, Angela Beattie, alipokwenda likizo Uingereza aliingia ofisini kwao akataka maelezo. Mswada ukapigwa chapa, na mwaka wa 1958 riwaya ikatoka.

Kisa ni cha kweli na ni kitamu, lakini kinatumiwa vibaya. Kampuni ile haikuwa wakala. Ilikuwa imekula pesa yake, kwa hiyo kulikuwa na deni, na Bi. Beattie alikwenda kudai. Wakala uliyemwandikia bila kuombwa hajala chako. Kumtumia mjomba aliyeko Manchester akabishe mlangoni ni kudai deni ambalo halipo. Nairobi, kwa upande mwingine, mpwa anayefanya kazi jirani na ofisi ile ni mali. Akipita tu kuuliza kama mswada umeandikwa daftarini, amekuokolea basi la usiku.

Wakala akiomba mswada mzima

Hapo mambo yanabadilika, na sasa nakuhimiza ufuatilie. Ameomba yeye. Kuna deni dogo la uungwana. Ngoja miezi mitatu, isipokuwa ametaja muda mwingine, halafu tuma ukumbusho kama ule niliouandika hapo juu. Asipojibu, ongeza miezi miwili, tuma wa pili. Wa tatu mimi situmi. Kuna wanaoomba mswada mzima kisha wakapotea kabisa, na huwezi kumfanya mtu akupende kwa kumhesabia miezi.

Chagua wiki. Machi kuna Maonyesho ya Vitabu ya London, Oktoba kuna ya Frankfurt, na mawakala huyaishi kabla na baada. Agosti ofisi nyingi hupoa kwa likizo. Kuanzia katikati ya Desemba usijisumbue. Saa nayo si siri: saa sita mchana ya Kisumu wakati wa kiangazi chao ni saa nne asubuhi London. New York wako nyuma yetu kwa saa saba au nane kutegemea msimu, kwa hiyo barua yako ya asubuhi inafika wakiwa usingizini na inafunikwa na nyingine. Itume jioni ya huku.

Ukumbusho wenye nguvu kuliko yote ni wa aina moja tu: wakala mwingine amekubali kukuwakilisha. Siku hiyo unawaandikia wote wenye kazi yako, unasema hivyo kwenye kichwa cha barua, na unawapa tarehe ya mwisho, kwa kawaida wiki mbili. Utashangaa waliolala miezi sita wanavyosoma kurasa 300 kwa siku nne. Usiibuni habari hiyo. Mawakala wanajuana, na swali "ni nani huyo?" huja haraka.

Njia zikikutana

Kuna jambo ambalo sikuliona likiandikwa mahali kwa ajili yetu, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Chukulia riwaya ile ile ya Kiingereza umeituma London kwa mawakala na Nairobi kwa mchapishaji. Nairobi wanakubali kwanza. Unafurahi, unatia sahihi. Mkataba ukiwa unampa mchapishaji haki za dunia nzima katika lugha zote, wakala wako wa kesho hana kitu cha kuuza. Umempa nyumba bila milango. Kabla ya kalamu kugusa karatasi, omba haki zibaki Kenya au Afrika Mashariki, na tafsiri na filamu zibaki kwako. Mwandikie wakala aliye na mswada mzima umwambie kuna mkataba mezani. Ndiyo, ni ukumbusho halali, na huu hauna uongo ndani yake. Wale ambao hawakuomba kitu waandikie mstari mmoja tu endapo unaiondoa kazi.

Wengine hufuatilia kwa hofu ya kuibiwa. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi ni yako tangu ilipoandikwa. Kuisajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ni ushahidi wa ziada. Hofu isikupigishe simu.

Nichague ipi?

Kama umeandika kwa Kiswahili, usipoteze muda na mawakala wa ng'ambo. Hapa kwetu mawakala ni nadra, na wa London hana wa kumuuzia. Nenda Nairobi, kwa miguu yako. Au peleka kwenye Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell na inayopokea miswada ya Kiswahili ambayo haijachapishwa. Tuzo ina uzuri mmoja: hakuna wa kumpigia.

Kama umeandika kwa Kiingereza na ndoto yako ni kitabu chako kusomwa darasani Mumias na Molo, Nairobi tena. Kama unataka rafu za London, huna njia ila wakala, kwa sababu wachapishaji wakubwa wa huko wengi hawapokei riwaya isiyopitia kwake. Lakini jipime. Mtu anayehitaji kusikia sauti ya binadamu kila mwezi ndipo aendelee kuandika atateseka huko. Mimi ni mtu wa namna hiyo, na nilituma hata hivyo.

Wakala mmoja wa London aliuomba ule mswada wa wavuvi mwezi Mei. Ukumbusho uko tayari kwenye rasimu. Agosti ameenda likizo, Oktoba atakuwa Frankfurt, kwa hiyo nitautuma Jumatano ya pili ya Septemba, saa sita mchana, kisha nirudi darasani. Mwezi huo huo nina kiti kwenye basi la usiku kwenda Sarit, na sura za katikati zilizopunguzwa ziko kwenye bahasha. Daftari la mtu kutia sahihi amezipokea nitakwenda nalo mwenyewe.